Mkusanyo wa mwimbaji wa opera unaenda mnadani: tuanzie wapi?

Mwana_Kamalondo
Jambo bandugu. Familia moja hapa Lubumbashi imerithi mkusanyo wa mama yao, mwimbaji wa opera aliyefanya kazi Ulaya. Kuna tablo 12 zinazosemwa ni za Hangar, shule ya uchoraji ya hapa (wachoraji Pilipili, Mwenze, Bela), 2 za mchoraji Tshibumba, kigoda cha Kiluba, kidani cha pembe ya tembo, pamoja na nguo zake za jukwaani na vitabu vya nota. Nyumba ya mnada ya Brussels inataka kuuza vyote pamoja kwa jina la mama. Je, jina linapandisha bei kweli? Tusafishe tablo na kubadilisha kadri (fremu) kwanza? Na karatasi za kutoa vitu nchini ni zipi?

Fundi_wa_kadri
Tafadhali msisafishe kitu, hata kwa kitambaa kikavu. Rangi iliyoanza kuinuka inang'oka na kitambaa, na pengo hilo linashusha bei kuliko vumbi. Kadri za zamani ziacheni. Nyuma ya tablo ndiko kuna lebo, muhuri, namba ya penseli. Ukitupa kadri umetupa ushahidi.

Kila tablo ipigwe picha ya mbele kivulini bila flashi, ya nyuma yote, ya sahihi kwa karibu, na moja taa ikiwa pembeni na chini ili rangi iliyovimba ionekane. Pimeni urefu kwanza, kisha upana, bila kadri.

Angalieni tarehe. Romain-Desfossés alianzisha Hangar 1946 na akafariki 1954. Tablo ya Pilipili ya miaka ya 70 inaweza kuwa yake kabisa, lakini si ya Hangar, na mnunuzi makini hailipii bei ileile. Bela alipaka kwa vidole: chukueni lenzi mtazame nukta. Alama ya kidole ina ukingo mnene wa rangi iliyosukumwa. Brashi inaacha mistari ya nywele. Mwenze anajaza uso wote kwa vimistari vifupi, mtu na mandhari ya nyuma yake pia.

Za Tshibumba zipo mara nyingi kwenye kitambaa cha gunia la unga, chembamba. Msizikunje kamwe. Ikibidi kuviringisha, rangi iwe upande wa NJE, kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, na karatasi isiyo na asidi katikati. Rangi ikiwa ndani inabanwa na kubanduka. Gazeti lisitumike, wino unahamia.

Kigoda: kikiacha unga mweupe chini ya vitobo, wadudu wangali hai. Msipulize dawa wala kupaka kiwi, ule weusi wa mafuta ya zamani ndio thamani yake.

Yaya_wa_Golf
Kwa karatasi, mali ya utamaduni inalindwa na sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971. Anzeni Musée National de Lubumbashi na orodha yenye picha na vipimo, mwombe idhini ya kutoa kabla ya kusaini chochote na Brussels. Kigoda kitangulie, maana ndicho kitachunguzwa zaidi, na kwa maoni yangu makumbusho yapewe nafasi ya kukitaka. Kitu kikitoka bila idhini kitakwama Ulaya pia: tangu Desemba 2020 Umoja wa Ulaya unakataza kuingiza mali ya utamaduni iliyotolewa kinyume cha sheria ya nchi ilikotoka.

Kidani kiondoeni kwenye orodha. Pembe iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kipande kimoja kinaweza kuzuia sanduku zima.

Katuba_mnada
Jina linapandisha bei pale linapothibitishwa. Vito vya mwimbaji wa opera Maria Callas viliuzwa Geneva 2004 kama vito vya Callas. Kwenye mnada wa mkusanyo wa mwimbaji David Bowie, London 2016, tablo ya mchoraji Basquiat ilikadiriwa pauni milioni 2.5 hadi 3.5 ikapita milioni 7. Lakini Basquiat alikuwa na jina lake kubwa tayari. Tafuteni picha ya sebule ya mama tablo ikiwa ukutani, risiti, barua ya mchoraji. Bila hizo, jina litasaidia nguo na nota zenye maandishi yake. Tablo zipelekwe kwenye mnada wa sanaa ya Afrika, ambako wanunuzi wa Tshibumba wako.

Mwana_Kamalondo
Aksanti sana, yaya na bandugu. Na kwenye mkataba tuangalie nini?

Katuba_mnada
Mfano wa hesabu: nyundo ya mnada ikianguka (yaani bei ya mwisho) kwa euro 3,000 na ada ya mnunuzi ni asilimia 25, yeye analipa 3,750. Ninyi mkikatwa kamisheni ya asilimia 15 (450), bima ya asilimia 1.5 (45) na picha 50, mnabaki na 2,455. Usafiri bado. Kamisheni inajadiliwa, hasa mkileta vitu vingi, kwa hiyo msikubali ya kwanza.

Waandike kwa kila tablo bei ambayo chini yake haiuzwi. Kwa kawaida haizidi makadirio ya chini. Waandike pia nani analipa kurudisha isiyouzwa, faini ya kuiondoa mnadani, na siku ya malipo. Warithi wote wasaini mbele ya notere kabla sanduku halijafungwa. Mmoja akipinga baadaye, mauzo yanasimamishwa na gharama zinabaki kwenu.

Fundi_wa_kadri
Nyongeza: sanduku lifungwe kwa skrubu, si misumari. Forodha wakitaka kulifungua, nyundo ndiyo inayopasua rangi.