Cheti cha dawa nne za kila siku kimezidi uwezo: tupunguze wapi?

Kijiti_Mti
Wakuu, naomba mwongozo. Cheti cha mama kina dawa nne za kudumu, zote zimeandikwa kwa majina ya kibiashara, na gharama ya mwezi haibebeki tena. Bima hana.

- rosuvastatin 10 mg (ya kolesteroli), kidonge 1 usiku
- amlodipine/valsartan 5/160 mg (za presha) ndani ya kidonge kimoja, asubuhi
- esomeprazole 40 mg (ya asidi ya tumbo), kapsuli 1 asubuhi
- metformin XR 1000 mg (ya sukari, aina inayotoka polepole), kidonge 1 na chakula cha jioni

Kuna anayeshauri ya presha inywewe siku moja, inayofuata irukwe. Ni salama? Na zipi zinakatika nusu?

Mfamasia_wa_Zamu
Hilo la kuruka siku liacheni kabisa. Linadanganya watu kwa sababu amlodipine hukaa mwilini muda mrefu: nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka. Ukiruka siku moja, kipimo cha presha kinaweza kusoma vizuri, mtu akaamini hata dawa yenyewe haihitaji. Valsartan iliyomo kwenye kidonge hichohicho haina subira hiyo, ikishapita siku moja imekwisha kazi.

Sasa twende kwenye cheti. Mwombeni daktari akiandike upya kwa majina ya kitaalamu, maana dawa zote nne zina jeneriki, yaani dawa ileile isiyo na jina la kibiashara la mtengenezaji wa kwanza. Hapo peke yake ndipo gharama kubwa inapokatika. Halafu, kwa mpangilio wa mahali penye nafuu:

Esomeprazole. Kabla ya kutafuta ya bei rahisi, ulizeni kama bado anaihitaji. Kiungulia cha kawaida hutibiwa wiki 4 hadi 8, lakini dawa hizi zina tabia ya kubaki kwenye cheti miaka kwa miaka kwa sababu hakuna aliyezifuta. Akiambiwa aache, asiache ghafla: dozi ishushwe nusu kwa wiki 2 hadi 4 kwanza, la sivyo asidi hurudi kwa fujo na mtu hudhani ugonjwa umerejea. Kama anatumia aspirin au dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen, au aliwahi kuvuja damu kwa vidonda vya tumbo, asiiguse bila daktari. Akibaki nayo, omeprazole ni ndugu yake wa karibu sana. Omeprazole ina molekuli za sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto; esomeprazole ni mkono mmoja uliotengwa na kuuzwa kivyake. Kwa wengi tofauti haionekani, ilimradi inywewe dakika 30 kabla ya kula. Ila kama kuna clopidogrel (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwenye matibabu yake, mtajieni daktari: omeprazole na esomeprazole zote huipunguzia nguvu, na hapo pantoprazole hufaa zaidi.

Kidonge cha presha. Vidonge vya mchanganyiko mara nyingi huuzwa ghali kuliko dawa zilezile zikinunuliwa mbalimbali. Amlodipine 5 mg na valsartan 160 mg, vidonge viwili kwa wakati mmoja, ni tiba ileile. Hasara yake ni kwamba mtu anaweza kusahau kimoja, kwa hiyo kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku 7 kitamfaa.

Rosuvastatin. Jeneriki inatosha. Ikibaki ghali, atorvastatin 20 mg hushusha kolesteroli kwa kiwango kinachokaribia rosuvastatin 10 mg. Ni uamuzi wa daktari, na kipimo cha damu kirudiwe kati ya wiki 4 na 12.

Jambo moja la mwisho: msibadilishe zote siku moja. Badilisheni moja, pimeni presha au sukari nyumbani wiki mbili, ndipo mhamie nyingine. Vinginevyo akiumwa hamtajua mkosaji ni yupi.

Wembe_na_Mizani
Niongezee la kukata, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Kukata kunaokoa pesa pale tu kidonge cha nguvu mara mbili kinapouzwa karibu sawa na cha nusu yake. Amlodipine 10 mg ikatwe kupata 5, rosuvastatin 20 mg ikatwe kupata 10, zote zinakubali. Cheti kiandikwe wazi "kidonge cha 20 mg, anywe NUSU", si maneno ya mdomo tu, la sivyo siku akisaidiwa na mtu mwingine atameza kizima.

Tumia kikata vidonge chenye wembe, si kisu cha jikoni. Kata kimoja tu, nusu ya pili iwe dozi inayofuata. Nusu hazitoki sawa kamwe, lakini ukizinywa mfululizo jumla inajisawazisha. Ukikata pakiti nzima, vipande hunyonya unyevu na kumeguka.

Visivyokatwa: chochote chenye herufi XR, SR, CR, MR au LA (alama za dawa inayotoka polepole) bila idhini ya mfamasia, chochote chenye ganda la kukinga asidi, na kapsuli. Metformin XR ikivunjwa, dawa iliyopangwa kutoka polepole hutoka kwa mkupuo. Omeprazole ikisagwa huharibiwa na asidi ya tumbo kabla ya kufika inapotakiwa.

Mgonjwa asiyeona vizuri au mwenye mikono inayotetemeka, achaneni na habari ya kukata.

Kijiti_Mti
Shukrani sana. Maswali mawili: hiyo XR basi tunaifanyaje? Na ni kweli sheria inaruhusu jeneriki kuwa na dawa pungufu kwa asilimia 20?

Mfamasia_wa_Zamu
XR 1000 mg ina njia mbili. Ya kwanza, vidonge viwili vya XR 500 mg kwa pamoja. Mara nyingine jumla yake huwa chini ya kimoja cha 1000, ulizeni bei zote mbili. Ya pili, metformin ya kawaida 500 mg mara mbili kwa siku, katikati ya chakula. Hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, lakini tumbo linaweza kusumbua wiki za mwanzo. (Akiona ganda la kidonge cha XR chooni, asishtuke, dawa imeshatoka.)

Hiyo asilimia 20 imesomwa vibaya. Kinacholinganishwa ni kiasi kinachoingia kwenye damu, na kinachotakiwa kukaa kati ya asilimia 80 na 125 si wastani peke yake, ni wastani pamoja na ukingo wake wote wa makosa ya kipimo. Jeneriki iliyopungua kweli kwa asilimia 20 ingeanguka mtihani huo. Tahadhari ipo kwa dawa chache zenye nafasi finyu kati ya kutibu na kudhuru: warfarin, phenytoin, lithium, tacrolimus, levothyroxine. Hizo ukishazoea za mtengenezaji mmoja, usirukeruke, na ukibadilisha upimwe. Kwenye cheti chenu hakuna hata moja.

Hesabu_Kwanza
Bei ilinganisheni kwa kidonge, si kwa boksi. Boksi la 28 huonekana rahisi kuliko la 30, lakini mwaka mzima unadai maboksi 13. Pigeni simu maduka kadhaa mkitaja jina la kitaalamu, nguvu na idadi ya vidonge. Dozi ikishatulia, ulizeni bei ya miezi mitatu. Ikiwa bado inarekebishwa, nunueni mwezi mmoja mmoja.

Misaada ya watengenezaji isiwapotezee muda kwa cheti hiki. Kwa kawaida hulenga dawa ambazo bado zina hataza (haki ya mgunduzi kuiuza peke yake), na fomu hurudishwa kwa kukosa sahihi ya daktari au uthibitisho wa kipato.

Na duka la mtandaoni lisilodai cheti, au linalowatumia vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti yake, msilipe. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho vilivyoko kwenye boksi lazima vifanane na vya kwenye bamba la vidonge ndani.