Wanachuo wa Moshi na Arusha tumechoka kupandishwa miti ya picha kila Juni

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite.

Niko chuo hapa Moshi, mwaka wa mwisho, kozi yangu ni ya mazingira. Chuo sikitaji kwa sababu matokeo yangu bado yako mikononi mwao. Asasi nazo sizitaji, ila wahusika wakisoma watajijua wenyewe.

Ikikaribia tu 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, magrupu ya WhatsApp ya darasa yanachachamaa. "Fursa kwa wanachuo wapenda mazingira, nafasi chache, wahi!" Unajaza fomu, unaeleza kwa nini unapenda mazingira, baada ya siku kadhaa unapongezwa kwamba umechaguliwa. Ukifika eneo la tukio unakuta mmechaguliwa basi zima na jingine liko njiani, na kazi mliyochaguliwa kuifanya ni kumsubiri mgeni rasmi juani.

Chukulieni ile ya Juni 2025. Kaulimbiu ya dunia nzima mwaka ule ilikuwa kukomesha uchafuzi wa plastiki, Korea Kusini ndio walikuwa wenyeji. Sisi tukapelekwa huku chini, njia ya Mabogini. Tulifika asubuhi na mapema, mgeni rasmi akaingia karibu na adhuhuri. Muda wote huo tunakunywa maji ya chupa ndogo ndogo za plastiki, katoni kwa katoni, na tunaondoka chupa zimelala kwenye nyasi nyuma ya turubai. Fulana zilikuwa chache, wakapewa waliopangwa mstari wa mbele. Picha zilipoisha mratibu akapita na mfuko kuzikusanya, zinahitajika Arusha kesho yake. Watu walivua fulana za mazingira hadharani wakabaki na singlendi, nawaambia ukweli mtupu.

Mashimo yalikuwa yameshachimbwa na vijana wa kijiji. Kila mtu akakabidhiwa mche mmoja, kamera ikikufikia unainama. Jamaa aliyekuwa pembeni yangu alitumbukiza mche pamoja na kiriba chake cha nailoni nyeusi, akafukia kwa mguu, akapiga selfi, akaondoka. Nikaufukua ili nikichane kile kiriba. Nikaangalia shimo la jirani, nalo hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyesimama kutuambia kwamba kiriba kinatolewa kwanza ndipo mche unaingia ardhini. Hotuba zilikuwa nyingi mno kwenye ratiba, nafasi ya jambo dogo kama hilo haikupatikana.

Kuna mama wa pale alikuwa anachunga mbuzi zake pembeni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza, "Mwanangu, mvua si imeshakata, hii miche ataimwagilia nani?" Nikamjibu kuna kamati. Baadaye namuuliza mratibu kuhusu hiyo kamati, ananiambia kamati ni ninyi wanachuo. Sisi! Ambao Julai tunafanya mitihani, tukimaliza tunatawanyika fildi na majumbani, tukirudi ni Oktoba huko au Novemba. Niliporudi nilipita pale. Vijiti vilikuwepo. Bango lenye nembo za wafadhili lilikuwepo pia, limesimama imara.

Sasa hapa ndipo ninapochemkia. Kila mkulima wa Kilimanjaro anajua masika yanaanza Machi na yanaishia Mei, halafu tunaingia kwenye baridi na ukavu mpaka vuli za Oktoba, Novemba. Huko juu Marangu na Kibosho unaweza kudanganyika kwa sababu manyunyu yapo na mifongo, ile mifereji ya asili, bado inatiririsha maji kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani. Huku chini Mabogini hakuna cha kukudanganya. Kupanda mche Juni bila bomba wala ndoo ni kuuzika. Na hiyo 5 Juni ni kumbukumbu ya mkutano wa Stockholm wa 1972, tarehe yenyewe haikupangwa kwa kuangalia mvua zetu, na hakuna palipoandikwa kwamba siku hiyo lazima upande mti. Kama mnataka tarehe ya kimataifa yenye mvua, 21 Machi ni Siku ya Misitu Duniani, kesho yake ni Siku ya Maji. Vyuo vimefunguliwa, ardhi inaanza kulowana, wanafunzi wapo miezi mitatu mbele kuangalia kilichopandwa. Ikifika Juni mnaenda kuhesabu iliyopona, na mgeni rasmi mnamkaribisha kwenye kuhesabu.

Siku ya Usafi Duniani nayo ni 20 Septemba, wanachuo hatupo mjini. Kila mwaka tunatumiwa tangazo tukiwa vijijini kwetu, halafu tunaambiwa vijana hawana mwamko.

Jambo jingine kuhusu hotuba. Hakuna hotuba ya mazingira Moshi isiyotaja barafu ya Kilimanjaro. Ni kweli, kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu lilipungua kwa asilimia 85, takwimu hiyo tunaijua kwa kichwa. Ila darasani kwetu wapo watu wanaosoma mazingira chini ya mlima huo kwa miaka mitatu na hawajawahi kupelekwa hata Mandara, kituo cha kwanza cha wapanda mlima njia ya Marangu, mita 2,720. Hela ya mahema, viti vya kukodi na muziki ipo kila Juni. Ya basi la kwenda getini Marangu haijawahi kupatikana.

Risala yetu nayo ilichezewa. Tulikuwa na aya inayouliza taka za mabweni yetu zinaishia wapi, maana tunaona moshi nyuma ya jiko kila jioni. Ilipofika mbele ya mgeni rasmi aya haipo, badala yake kuna shukrani kwa uongozi.

Halafu karatasi ya mahudhurio. Ilipitishwa tukiwa tunapanda basi. Jina, chuo, namba ya simu, kiasi, saini. Safu ya kiasi ilikuwa tupu kuanzia juu mpaka chini. Nikamuuliza dada aliyeishika, dada, hapa kwenye kiasi naandika nini? "Hapo paache, wewe saini tu mdogo wangu, mengine yatajazwa ofisini." Watu wakasaini, tena kwa haraka kwa sababu dereva anapiga honi. Hakuna aliyepewa hata mia. Kwa mwenye mkopo, bumu, yaani hela ya kujikimu, ni shilingi 10,000 kwa siku, humo humo ule, humo humo ulipie geto, na wengi hatuna hata hilo bumu. Nauli ya kutoka chuoni kurudi geto kila mtu alijijua.

Tuje kwenye fursa zenyewe, zile zenye mafunzo, malazi na tiketi. Zipo, na ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni linki inavyotufikia. Inaingia kwenye grupu siku ya mwisho saa tatu usiku, ina alama kwamba imeshasambazwa mara nyingi, dirisha linafungwa saa sita. Ndani wanataka barua ya mhadhiri, pasipoti na video ya dakika mbili. Mhadhiri gani utampigia saa tatu usiku umwambie shikamoo mwalimu, naomba barua? Pasipoti ni shilingi 150,000, yaani bumu la siku 15 bila kula. Na nyingine zimeandikwa "ufadhili kamili", ukisoma maandishi madogo unakuta tiketi unajinunulia mwenyewe, utarudishiwa baada ya kurudi. Mtoto wa mkulima wa kahawa wa Uru anaitoa wapi tiketi ya kwenda mikutano ya tabianchi ya Baku au Brazil ili arudishiwe baadaye?

Tena tuache Baku. Septemba 2023, tarehe 4 hadi 6, mkutano wa kwanza wa Afrika wa tabianchi ulifanyika Nairobi. Nairobi hii hii! Unapanda basi hapa asubuhi, unagonga mhuri Namanga, giza halijaingia umeshafika. Makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako huko huko. Koasta moja ya kukodi ingepeleka darasa likaone mijadala inavyokwenda, hata kwa kukaa nje kwenye mabanda. Tulichopata ni picha za watu wale wale. Kuna kaka zetu na dada zetu wamemaliza chuo zamani, wanakaribia 35, bado ndio "wawakilishi wa wanachuo wa kaskazini" kwenye kila safari. Siwaonei wivu kusafiri, wasafiri. Ila mkirudi si mpite hata darasani nusu saa mtuambie mlisikia nini? Mrejesho wenyewe tunausoma kwenye maelezo ya picha.

Kwa mafunzo ya vitendo ndio usiseme. Umeomba nafasi asasi moja ya Arusha, maeneo ya Njiro, wanakupokea kwa furaha, posho hakuna, nauli hakuna, chakula juu yako, na laptopu uje nayo. Mezani pembeni yako kuna mgeni aliyelipa hela kutoka kwao kuja kujitolea miezi miwili. Sina ugomvi naye, wengi ni watu wazuri na wanachapa kazi. Ila yeye anapelekwa porini kwa gari kwa sababu kalipia, wewe unabaki ofisini unatafsiri dodoso na kuchapa majina ya wale wale waliosaini karatasi tupu.

Na kazi za kweli zimejaa kwenye mikoa yetu hii miwili, Kilimanjaro na Arusha. Nendeni Arumeru mkaone meno ya watu yalivyochorwa kahawia na floraidi ya maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Wanachuo ishirini wenye vifaa vya kupimia wangezunguka visima vya kata nzima kwa wiki moja. Pale Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji lililompa tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika mwaka 2015, ile inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kutoka Moshi mpaka Tengeru ni nauli ya kawaida tu ya basi. Nani amewahi kuona tangazo la tukio la mazingira linalosema "wanachuo njooni tupime maji"? Mimi nimeona ya mbio za hisani, ya kupanda miti, ya maonesho ya mavazi ya taka. Maonesho ya mavazi! Gauni la mifuko ya saruji.

Msituambie hatuwezi. Oktoba 2020 moto ulipoanzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, mamia ya watu walipanda kuuzima na wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka walikuwa miongoni mwao. Siku ile hakuna aliyewaomba barua ya mhadhiri wala uzoefu wa miaka miwili. Na Roots & Shoots, programu ya vijana wa mazingira ambayo leo iko nchi nyingi duniani, ilianzia Dar es Salaam 1991 na wanafunzi 12 waliokaa barazani kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, wakimweleza kinachowakera kwenye maeneo yao. Walisikilizwa kwanza, shughuli zikafuata. Sisi tunaitwa shughuli ikiwa imeshafungwa, hadi wimbo umeshachaguliwa.

NYONGEZA: Nimesoma michango ya mwanzo, nijibu mawili matatu.

Aliyesema "vijana mnapenda posho", mkuu, sijaomba posho popote kwenye uzi huu. Nimeuliza kiasi gani kiliandikwa mbele ya saini yangu. Hayo ni mambo mawili tofauti na wewe unajua.

Aliyesema nimesahau kwamba bila hao waandaaji tusingekuwa na chochote, sawa, na kuna tukio moja la kusafisha kingo za Mto Karanga lilikuwa zuri sana, glavu zilitosha, taka zilipimwa kwenye mizani, tukaambiwa zinapelekwa wapi. Walioandaa hawakuwa na hata spika. Ningependa waandae tena.

Na huyu anayeniambia "acha kulalamika, anzisheni ya kwenu". Tulianzisha. Klabu yetu iliandika barua Februari kuomba miche ya miti ya asili, miringaringa na mifuruanje, tuipande Machi kwenye kingo za mfongo mmoja, wazee wa pale walishakubali na mfongo una maji mwaka mzima. Tulizungushwa ofisi hii na ile, mwisho tukajibiwa kwamba miche ipo ya kutosha kitaluni ila haiwezi kutolewa, imetengwa kwa ajili ya maadhimisho ya Juni. Nilidhani nimesikia vibaya, nikauliza tena. Nikajibiwa vile vile, kwa upole kabisa.

Kwa hiyo waratibu mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, Juni ijayo msitume fomu kwenye grupu letu. Tupeni miche Machi, tutawaita Juni mje na kamera zenu. Linki za safari na mafunzo zibandikeni humu siku mnayozipokea, na mwenye ile karatasi ya mahudhurio ya Mabogini aipige picha aiweke hapa hapa ilivyojazwa. Kunifuata pembeni kunipa pole sitaki.

Naomba kuwasilisha.