Naomba ushauri: Land Rover ya babu, na muda wangu ni Jumamosi jioni tu

Mwalimu wa Wete
Assalaam alaykum. Mimi ninasomesha skuli hapa Wete, na marehemu babu ameniachia Land Rover Series IIA ya mwaka 1967, ya petroli, aliyokuwa akibebea karafuu. Imekaa chini ya mfenesi zaidi ya miaka kumi. Bodi ni ya alumini na bado ni nzima, lakini ukuta wa chuma ulio baina ya injini na dereva umeliwa na kutu hadi ardhi inaonekana pale pa kuwekea miguu. Nafasi yangu ni Jumamosi, baina ya Alasiri na Maghribi. Mwezi uliopita niliukwangua upande mzima wa fremu mpaka ukang'aa. Niliporudi wiki ya pili ulikuwa mwekundu tena, na alama za vidole vyangu zimejichora juu yake kwa kutu. Nianze na fremu au injini?

Fundi wa Malindi
Waalaykum salaam, Mwalimu. Anza na fremu. Ni chuma cha pembe nne kilicho kitupu ndani, maji na udongo hukaa humo, kwa hiyo huoza kutoka ndani ilhali rangi ya nje bado ipo. Igonge kwa nyundo ndogo, hasa mwamba wa nyuma, yaani kile chuma kilichokingama mwisho wa fremu: penye uzima hulia, palipooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo huzama. Hewa yetu ina chumvi, hivyo chuma kilichokwanguliwa hakilali wazi hata usiku mmoja. Kwangua kadiri utakayoweza kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kukausha na kupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kabla ya adhana ya Maghribi, hata kama ni dhiraa moja tu.

Binti wa Mkoani
Nakubaliana, ila injini nayo isisahauliwe. Toa plagi zote nne, mimina mafuta ya injini kidogo katika kila silinda, uiache wiki nzima, kisha uizungushe taratibu kwa hendeli ya mkono, si kwa stata. Tumia spana za inchi, kwani za milimita zitakula vichwa vya nati. Kila kundi la bolti litie katika kopo lake lenye jina. Sisi tulizichanganya za Peugeot 404 yetu katika ndoo moja, tukapoteza Jumamosi nne.

Mwalimu wa Wete
Shukran sana. Nimegonga leo: mwamba wa nyuma umetoboka mahali pawili, kwengine kunalia vizuri. Je, fundi wa kuchomelea aje nyumbani?

Fundi wa Malindi
Aje hapo hapo, lakini kabla hajafika toa tangi la petroli uliweke mbali, na ufungue waya za betri. Palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma kizima. Asibandike bati juu ya kutu. Wakati wa kufunga, weka mpira na grisi kila alumini inapogusana na chuma, kwa sababu penye chumvi alumini ndiyo huliwa kwanza. Mwamba huo umalizike kabla ya masika.