Msitu huongeza theluji ardhini au huipunguza?

Mwanafunzi wa Maji, Dodoma:
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa mada ya darasani kuhusu misitu na maji, na nimekutana na madai mawili yanayoonekana kupingana: kwamba msitu ukikatwa theluji inayolundikana ardhini huongezeka, na kwamba theluji hiyo hiyo huwahi kuisha. Hapa Dodoma theluji tunaiona pichani tu, na hata Kilimanjaro msitu huishia karibu mita 3,000, chini sana ya barafu. Je, madai yote mawili yanaweza kuwa kweli, na wapimaji huyatenganishaje?

Mpima Mito:
Yanaweza, kwa kuwa ni mambo mawili ya nyakati tofauti. Theluji inapoanguka, matawi ya misonobari hudaka sehemu yake, na kiasi fulani cha iliyodakwa hurudi hewani kikiwa mvuke bila kuwa maji kwanza. Ndiyo maana uwazi mdogo katikati ya miti, uliokingwa na upepo, mara nyingi huwa na theluji nyingi kuliko chini ya miti yenyewe. Wakati wa kuyeyuka, kivuli huizuilia jua, lakini miti nayo hutoa joto kuelekea ardhini. Penye baridi kali kivuli hushinda na theluji ya msituni hudumu; penye baridi ya wastani joto la miti huweza kushinda, na msitu ukatangulia kuwa mtupu. Anayetoa jibu moja kwa dunia nzima hajapima.

Katika kupima, usiridhike na kina. Theluji mpya ya sentimita 50 yenye kilo 100 kwa mita ya ujazo ina milimita 50 za maji. Iliyoshindiliwa hadi kilo 300, kwa kina hicho hicho, ina milimita 150. Kwa hiyo mrija huzamishwa hadi ardhini, ukapimwa uzito pamoja na theluji iliyomo. Mbinu hiyo iliendelezwa Nevada, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20 na James Church, ambaye, ajabu, alikuwa mwalimu wa Kilatini.

Mdau wa Vidakio:
Ninaongeza jambo moja. Vipimo vya kabla ya kukata ndivyo vyenye thamani kubwa. Huko Fool Creek, Colorado, vipande vya msitu vilikatwa kati ya 1954 na 1956, lakini mto ulikuwa umepimwa kwa miaka mingi kabla ya hapo sambamba na kidakio jirani (eneo ambalo maji yake yote hukusanyikia mto mmoja) ambacho msitu wake haukukatwa. Bila jirani huyo, ongezeko la maji lingeweza kudhaniwa kuwa ni mwaka wenye theluji nyingi tu.

Mwanafunzi wa Maji, Dodoma:
Ninawashukuru sana. Je, mpango huo unaweza kutumika kwa mvua ya huku kwetu?

Mpima Mito:
Unafaa, na si mgeni kwetu: Mpwapwa, katika miaka ya 1930, vilipimwa maji na udongo vilivyochukuliwa kutoka ardhi tupu, iliyolimwa, yenye nyasi na yenye vichaka. Wewe weka vipima mvua kadhaa chini ya vichaka na vingine mahali pa wazi, uvihamishe mara kwa mara, kwa sababu tone la jani moja laweza kupotosha kipima kizima. Maji yanayoteremka kwenye mashina yakinge peke yake, na uanze kabla ya mvua za Desemba.