Dungu juu ya lambo: tunawinda au tunamfungia mnyama maji?

Mleta mada, Phoenix

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Septemba iliyopita nilimsindikiza mwenzangu wa kazini kuwinda wapiti kule juu kwenye misonobari, upande wa Mogollon Rim hapa Arizona. Wapiti ni wale wanyama wakubwa wenye pembe za matawi; dume aliyekomaa anapita kilo 300. (Jina ni la wenyeji wa asili wa Marekani, ingawa masikioni mwangu linasikika kama ukoo fulani wa Pwani.) Jamaa aliomba kibali miaka kadhaa, maana huku vinatolewa kwa bahati nasibu, na safari hii kikamwangukia. Alikuwa na upinde wa kapi, ule wa kisasa wenye vigurudumu vinavyorahisisha kuvuta. Dungu lake, yaani kile kijukwaa cha kuvizia, alilifunga kwenye msonobari, kama mita tano kutoka chini, mkabala na lambo la kunyweshea ng'ombe. Mimi nikakaa chini kwenye kibanda cha turubai.

Jioni ya kwanza, jua likielekea kuzama, hewa ikaanza kupoa na kuteremka bondeni pamoja na harufu yetu. Wakatokea majike wanne na ndama wawili, wakasimama ukingoni mwa miti. Jike aliyetangulia akainua pua, mguu mmoja ukabaki hewani. Akabweka mara moja, kama mbwa mwenye mafua, wote wakageuka. Jioni ya pili ikawa vilevile, na ya tatu pia. Mvua za Julai na Agosti zilikuwa zimekataa mwaka huo na pale karibu hapakuwa na maji mengine. Hakuna mshale uliotoka, tukarudi mikono mitupu. Wale ndama sijui walikunywa saa ngapi.

Sasa hoja yangu. Sheria ya Arizona inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili, yaani kama mita 400, kutoka kwenye maji, pale ambapo kambi yako itawazuia wanyama kuyafikia maji pekee yaliyopo. Nikipika chai kwenye hema pale, nina kosa. Lakini nikipanda mtini na upinde kuanzia alfajiri hadi giza, mimi ni mwindaji mwadilifu! Mnyama anajua vipi tofauti? Kuanzia Januari 1, 2022 jimbo hilihili lilipiga marufuku kutumia kamera za kufunga mitini, zinazojipiga picha mnyama akipita, kwa ajili ya kuwinda, na kelele nyingi zilihusu hayohayo malambo. Kamera imeondolewa, mtu kabaki.

Mimi sipingi dungu. Napinga dungu la kwenye maji mwaka wa ukame.

Mchangiaji, Ifakara

Mkuu umenikumbusha mbali. Huku dungu ni la kulinda mpunga. Unalala juu na debe la kupiga, unataka nguruwe asisogee. Nyie mmepanda dungu mkitaka mnyama aje, akanusa akaondoka. Basi mmeyalinda maji siku tatu kama mpunga, tena bila malipo.

Mchangiaji, Boise

Mie nawinda huku Idaho, kwa miguu. Septemba madume wanapiga mbinja alfajiri, unajibu kwa filimbi, anakuja juu akidhani kapata mshindani. Hiyo ndiyo raha yangu. Lakini sitamwita mtu wa dunguni mvivu. Jaribu wewe kukaa saa kumi bila kukohoa.

Tena kuna jambo mleta mada hukuligusa. Mshale wa mita 20 kwa mnyama aliyetulia ni safi kuliko risasi ya mita 600 anayopiga mtu aliyelala kilima cha pili na darubini ya bei ya gari. Wazee wa Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji alichokianzisha Theodore Roosevelt mwaka 1887 (huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akashuka Mombasa mwaka 1909 na bunduki zake), walishikilia kwamba mnyama apewe nafasi ya kuponyoka. Hao majike wako walinusa, wakaponyoka. Wa risasi ya mita 600 angenusa nini?

Ila dungu lina hila yake. Ukipanda juu mno na mnyama akawa karibu sana chini yako, mshale unaingia wima, unapasua pafu moja tu. Huyo atatembea usiku kucha na utamfuata kwa tochi hadi uchoke. Ndiyo maana wazoefu wengi hawapandi sana.

Mchangiaji, Nakuru

Kenya tulifunga uwindaji mwaka 1977, mjadala ukaisha. Lamboni au mlimani, mnaua kwa burudani tu.

Mleta mada

Ndugu wa Nakuru, familia ya jamaa inakula nyama hiyo mwaka mzima, na kuitupa ni kosa kisheria. Mada yako ni nzuri, ifungulie mjadala wake.

Mchangiaji, Tucson

Mleta mada una huruma lakini umesahau kitu. Malambo mengi yamechimbwa na watu, ya wafugaji na mengine ya wanyamapori, na pesa za vibali vya wawindaji zimo. Hata wapiti wenyewe: wa asili wa Arizona walikwisha kabisa, na wa leo ni uzao wa walioletwa kutoka hifadhi ya Yellowstone kuanzia mwaka 1913. Bila huyo mwindaji unayemtoa lamboni, usingemwona ndama wa kumhurumia. Halafu fikiria mzee mwenye goti bovu. Milima hapandi, kuita hawezi kwa sababu mapafu yamechoka. Ukimwondoa majini umemwondoa msituni.

Mleta mada

Hapo kwa mzee umenibana, nakiri. Lakini aliyechimba kisima cha mtaa hapati haki ya kukaa mdomoni mwake na panga. Na simtoi msituni, namsogeza. Wapiti wakienda kunywa wana njia zao, zimekanyagwa hadi udongo umekuwa unga. Funga dungu kwenye njia hiyo, mita 400 kutoka majini, kama hema linavyosogezwa. Mnyama akinusa atazunguka, na maji atayafikia. Mzee anaweza kusindikizwa hadi hapo, mimi mwenyewe nitambebea kiti.

Mchangiaji, Boise

Mita 400 kwa kila lambo, nani atapima?

Mleta mada

Askari yuleyule anayepima hema.

Mchangiaji, Ifakara

Mkipanda mjifunge mkanda. Sisi tulikuwa tunalala dunguni bila chochote na kuna jamaa alidondokea debe lake mwenyewe. Nguruwe walikimbia, lakini mguu wake haukunyooka tena.

Mleta mada

Mkanda anao. Mwaka huu ameomba kibali tena, na nimemwambia kabisa: akifunga lamboni, simsindikizi. Hajanijibu.