Nataka tangi kubwa la samaki wa baharini sebuleni, lita 900. Naombeni ushauri kabla sijaagiza vioo

Baba Tausi

Wakuu habari za jioni. Nina wazo ambalo wife kalikataa mara mbili, nalileta hapa kwanza kabla sijalipeleka mara ya tatu.

Nina tangi la maji baridi lita 200, mwaka wa nne huu, samaki wazima, hakuna harufu, wageni wakija wanakaa hapo hapo. Sasa nataka kuhamia kwenye maji chumvi na nisifanye kitu kidogo kidogo, nataka moja kwa moja urefu sm 200, upana 70, kimo 65, nimepiga hesabu inakuja lita 900 na kidogo. Fundi vioo wangu ana kioo cha mm 12 na anasema kinatosha. Nakaa Mbezi Beach, toka kwangu mpaka baharini ni dakika kumi kwa mguu kwahiyo maji ni bure, bodaboda na madumu kazi imeisha. Mawe na matumbawe nitaongea na wavuvi wanitolee huko huko. Samaki nataka wa kwetu, kangaja wale wa bluu, vitatange wawili watatu, na matumbawe ya rangi rangi.

Litakaa sebule ya juu, ghorofa ya kwanza, ukutani mkabala na dirisha kubwa maana pale mwanga wa asubuhi unaingia vizuri sana. Swali langu hasa ni filta gani ninunue na taa gani, hayo mengine naona yameshakaa sawa. Karibuni.

Fundi Zege

Mkuu filta subiri kwanza. Umesema ghorofani?

Twende kwa hesabu. Maji ya bahari lita moja ina uzito wa kilo 1.025, kwahiyo maji peke yake ni kilo 900 na zaidi. Kioo ni kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene, tangi la vipimo hivyo likiwa la mm 19 vioo vyake tu vinafika kilo 230. Ongeza mawe, mchanga, stendi, na tangi la pili la chini ambalo wenzangu watakueleza, hapo uko kwenye tani moja na nusu. Na vyote hivyo vimesimama kwenye eneo la mita ya mraba 1.4, yaani zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba. Slabu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida inapigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita ya mraba, nje ya uzito wake yenyewe. Sisemi litaanguka siku hiyo hiyo, zege lina akiba na mzigo ukiwa juu ya bimu karibu na ukuta ni tofauti na ukiwa katikati ya slabu. Lakini wewe unajua bimu zako zimepita wapi? Nondo ziliwekwa ngapi? Unayo michoro? Mimi nimeona nyumba nyingi huko zilizopandishwa ghorofa baada ya ramani kuisha.

Weka chini. Kama chini haiwezekani leta injinia wa majengo aangalie kwa macho, usimuulize fundi wa tofali.

Na mm 12 kwa kimo cha sm 65 na urefu wa mita mbili, hapana. Mm 15 yenye mikanda ya kioo juu ndio naona pa kuanzia, mm 19 utalala usingizi. Akishalibandika lijazwe nje uani wiki nzima, kwa levo, ndio liingie ndani. Na silikoni iwe ile ya matangi, zile za bafuni zina dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki.

Baba Tausi

Duh. Michoro sina, nyumba nilinunua ikiwa imesimama tayari. Sasa chini ni sebule ya kulia chakula, haina dirisha la maana, giza giza fulani. Mwanga je?

mkunga_msa

Salama ndugu zangu wa Bongo. Niko Mombasa, tangi langu ni la lita 600, huu ni mwaka wa saba, na la kwanza lilikufa lote kwahiyo nisikilize vizuri.

Hiyo giza unayoilalamikia ndio mahali pake! Jua la dirishani halisaidii chochote, litakuletea mwani kwa kioo kila siku na litapasha maji moto. Matumbawe yanataka taa yake unayoiendesha wewe kwa taima, LED ya bluu na nyeupe, muda wa masaa nane mpaka kumi kwa siku basi. Adui yako namba moja hapa pwani si filta, ni joto. Maji unataka yakae nyuzi 25, 26, hata 27 sawa. Sebule yako mwezi wa pili ina nyuzi ngapi? 31, 32? Weka juu yake pampu na taa zote zinazotoa joto, maji yanafika 32 na hapo matumbawe yanaanza kupauka. Mwaka wa 1998 bahari yenyewe ilipata joto matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe kuanzia huku Kenya hadi huko kwenu, na ile ni bahari, sembuse sanduku la kioo.

Feni za juu ya maji zinapunguza nyuzi moja mbili, ila huku kwetu hewa imejaa unyevu kwahiyo zinafanya kazi nusu nusu tu. Kwa lita 900 na hiyo ya chini, tenga pesa ya chila, mashine ya kupoza maji. Watu wananunua taa ya bei mbaya halafu chila wanasema nitaongeza baadaye. Baadaye inafika ukiwa unatoa maiti na wavu.

Adui namba mbili ni stima. Tangi langu la kwanza stima ilipotea saa nne usiku, mimi niko harusini Malindi, imerudi asubuhi. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, pampu zimesimama, samaki kumi na moja wamelala chini wote pamoja na samaki wangu mkunga niliyemlea miaka miwili. Harufu wacha tu. Siku hizi nina pampu ndogo za hewa za betri zinazowaka zenyewe, na inveta yenye betri inayosukuma pampu moja ya mzunguko usiku kucha. Si lazima uendeshe kila kitu, maji yakitembea tu samaki wanavumilia.

Baba Tausi

@mkunga_msa pole sana mkuu, hiyo ya harusini imeniuma. Inveta ninayo ya TV na taa. Chila inakula umeme kiasi gani? Na hilo tangi la chini mnalolitaja ni la nini, mimi nilijua ni filta ya kopo tu kama ya kwangu.

Mshangani wa Muscat

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat, asili yetu Unguja. Langu ni lita 750, lina miaka minne.

Ndugu yangu, chila ya tangi kama lako huwa ni ya kama nusu nguvu ya farasi, ikizunguka inakula wati mia nne hivi, lakini haizunguki muda wote, inazima ikifika nyuzi ulizoiwekea. Jambo moja watu hawaambiwi: chila inatoa joto nje kama friji. Ukiifungia ndani ya kabati chini ya tangi inajipikia yenyewe na sebule inakuwa tanuri. Mimi yangu iko barazani, mipira imepita ukutani. Huku kiangazi nje kunapita nyuzi 40, ndani kiyoyozi hakizimwi, bado chila naihitaji.

Tangi la chini, wenyewe tunaita sampu, ndio jiko la nyumba. Maji yanamwagika kutoka juu kwa bomba, yanapita kwenye skima inayotoa uchafu kwa mapovu kabla haujaoza, kisha ukipenda sehemu ya mwani wa kunyonya naitreti inayotokana na uchafu wa samaki, kisha pampu inayarudisha juu. Lita 200 mpaka 300 kwa lako. Sasa tega sikio. Pampu ikisimama, maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka usawa wa mdomo wa bomba. Kwenye tangi lako kila sentimita moja ni kama lita 13. Zikishuka sentimita tatu ni lita 40 zinaingia sampu, ukichanganya na zilizomo mabombani. Sampu ikiwa imejaa zinakuja kwenye zulia la bibi. Kwahiyo acha nafasi, na bomba la kurudishia toboa tundu dogo karibu na uso wa maji ili lisinyonye maji kurudi nyuma. Kisha zima umeme makusudi mara tano uangalie kabla ya kuweka hata kaa mmoja.

Maji pia yanakauka, lita 10 kwa siku si ajabu, na kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Unajazia kwa maji matamu, si ya bahari. Nimemuona mtu hapa alikuwa anajazia ya bahari miezi miwili, chumvi ikapanda anashangaa samaki wanahema. Weka floti kama ya choo, lakini ichote kwenye ndoo ya lita 20 tu. Usiiunge na bomba la nyumba, maana floti ikikwama wazi inafurisha kila kitu, ikikwama ndoo inamwaga lita 20 basi.

Fundi Zege

Hiyo ya ndoo nimeipenda, ni akili ya kihandisi.

DadaMwani

Jamani mimi sijafuga samaki ila naishi na watu wa bahari, naomba nimkamate Baba Tausi kwenye hilo la "nitaongea na wavuvi wanitolee matumbawe". Usifanye hivyo kaka. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, visiwa vya hapo Dar, ni maeneo ya hifadhi toka 1975, na matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hata nje ya hifadhi nenda kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize kibali kinasemaje kuhusu kila kitu unachotaka kutoa, samaki wa mapambo wakiwemo. Mvuvi akivunja jiwe la matumbawe kwa mtaimbo, pale alipolivunja hakuna tena nyumba ya tasi wala pweza, na ni yeye huyo huyo atakuja kulalamika samaki hakuna.

Mbadala upo na hauna gharama, jiwe la matumbawe la nchi kavu, lile la zamani wanalochimba kwa ajili ya kujengea. Lina vitundu vitundu, ni chokaa tupu. Liloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji.

mkunga_msa

Dada amenena. Mawe yangu nusu ni hayo ya machimbo, saa hii huwezi kuyatofautisha. Yanaanza makavu, bakteria wanahamia wenyewe. Ukishajaza weka kamba mmoja aliyekufa aoze humo, amonia inapanda, inageuka naitraiti, halafu naitreti. Wiki nne mpaka sita unapima tu, tangi tupu, mke anakuuliza hii ndio ulikuwa unanisumbulia. Vumilia. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri ndio samaki wa kwanza.

Maji ya "bure" sasa. Mimi natumia ya bahari, sikatai, lakini nayachota kwa boti nje kabisa, maji yakiwa yamejaa, kiangazi. Wewe ufukweni na madumu utachota mafuta na maji ya mitaro, na wakati wa masika mito ikimwaga chumvi inashuka. Lita 1,100 kwa boda ni madumu 55. Halafu kila wiki mbili unabadilisha asilimia kumi, madumu mengine matano, sita, mwaka mzima. Wengine wananunua chumvi ya pakiti, gramu 36 hivi kwa lita, kujaza mara ya kwanza ni kama kilo 40, na wanachanganya na maji ya RO, yaliyochujwa kwa mashine mpaka yakawa safi kabisa. Ya kisima usiguse. Vyovyote vile nunua rifraktomita, kipimo cha chumvi, isome 35 kwa elfu.

Mshangani wa Muscat

Na samaki uchague upande. Vitatange wengi chakula chao ni matumbawe, ukiwaweka pamoja umewapikia pilau. Ukitaka matumbawe, kangaja mmoja, si wawili, kwani ni mkorofi na hashiriki nyumba, na aingie wa mwisho. Ugonjwa wa madoa meupe unampenda yeye kuliko wote. Kila samaki akae karantini tangi la pembeni wiki nne hadi sita, kama dawa ni ya shaba ibaki huko huko, ikifika kwenye tangi kubwa inaua kamba, konokono na matumbawe.

Baba Tausi

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nimemsomea wife. Amecheka kwenye maiti na wavu, halafu akauliza kwani chini kuna ubaya gani. Kwahiyo limeshuka chini, kwenye ukuta wa jikoni, chila itatokea uani. Vioo mm 19. Kitatange basi, nimekubali. Mwaka huu ni stendi, tangi, chila na betri, samaki labda baada ya masika ijayo.

Hiyo stendi nichomelee chuma cha kawaida?

Fundi Zege

Kitakula kutu, chumvi haina huruma. Kipigwe zinki au epoksi tabaka mbili mpaka ndani ya mabomba, au tumia mbao ngumu kama mninga. Juu yake tandiko la povu, kioo kisikae kwenye chuma. Soketi zote juu ya usawa wa maji, waya zishuke kwanza chini ndio zipande kwenye soketi ili tone lidondoke sakafuni, na breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, ni lazima, hiyo sibishani na mtu.

Halafu kabla hujamlipa fundi vioo, mlango wako una upana gani? Na kona ya korido? Kilo 230 zinabebwa na watu sita, hazigeuki kama kochi.

Baba Tausi

Nimetoka kupima saa hii na tochi. Mlango sm 84. Grili ya nje inanibakizia 68.

Fundi Zege

Tangi kimo chake 65. Vidole vya wabebaji vitapita wapi?

Baba Tausi

Kesho namwita mchomeleaji akate grili.