Mnachomelea rimu zilizopasuka, mnazipiga rangi nyeusi, mnatuuzia kama nzima. Hii ni biashara au mnatafuta roho za watu?

Wakuu salaam. Hasira niliyo nayo hainipi nafasi ya kuremba, kwa hiyo mnivumilie. Na wale wa "kwani lazima gari la spoti, si ununue IST, kale kagari kadogo ka Toyota, upumzike", leo naomba mpite mbali na uzi huu.

Gari ni Altezza RS200, ile SXE10 yenye mashine ya 3S-GE BEAMS na gia sita za mkono. Toyota walianza kuliuza 1998 wakaacha 2005, maana yake hata lile la mwisho kutoka kiwandani limeshakuwa mzee. Rimu zake za inchi 17 za kiwandani huzipati mpya kirahisi, na wauzaji wetu wanalijua hilo vizuri sana. Hapo ndipo wanapotukamatia.

Zangu za mwanzo zilipasuka ukingo wa ndani, upande ambao gari likiwa limesimama huuoni kabisa. Sababu haina siri. Tairi ya 215/45R17 ina ukuta wa milimita kama 97 tu. Tairi ya 185/65R15 ya IST ina 120. Ukitumbukia kwenye shimo la Tabata usiku wa mvua, huku umekanyaga breki na uzito wote umehamia mbele, hizo 97 zinaisha na rimu inakutana na lami uso kwa uso. Kwanza ukingo unapinda, fundi anaunyoosha kwa nyundo na moto, baada ya muda ufa unaanzia palepale palipopinda. Hiyo nakubali, ni gari la zamani na barabara ndizo hizi. Sina ugomvi na shimo.

Ugomvi wangu ni na muuzaji wa Ilala. Jina silitaji, wasimamizi msihangaike kunifungia uzi. Nilimfuata nikitaka seti, akanionyesha nne zimepangwa zinang'aa, nyeusi tii. "Hizi zimeshuka na kontena kutoka Japani wiki hii hii, bosi wangu. Fundi wa hapa hajazigusa." Nikageuza moja, nyuma kuna JWL, ile alama ya ubora ya Kijapani, kuna kipimo cha 17x7JJ, kila kitu kipo. Tukakubaliana laki nane na nusu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hana, akaniandikia ya mkono: rimu 4 nzima, Altezza, inchi 17. Mwandiko wake, sahihi yake. Wakati huo nilikuwa "bosi wangu" kila baada ya neno la pili.

Hazikukaa. Mguu wa nyuma kushoto ukaanza kulala chini kila asubuhi. Fundi pancha akatoa tairi, akalizamisha kwenye beseni, hakuna tundu. Akapaka povu la sabuni kwenye rimu yenyewe, upande wa ndani, na mapovu yakaanza kutoka kwenye mstari mwembamba chini ya ile rangi nzuri. Tukakwangua. Wakuu, chini ya rangi kulikuwa na bodifila! Ile ya kuzibia mabodi yaliyobonyea! Chini ya bodifila kuna mshono wa kuchomelea uliosawazishwa kwa grenda, na ufa mpya umetembea pembeni ya mshono, kama urefu wa kidole.

Tukafungua zote. Ya pili ina mshono vilevile, tena huu umepita karibu na shina la mkono wa rimu, ule unaounganisha kati na ukingo, sehemu inayobeba uzito wa gari kila gurudumu linapozunguka. Ya tatu haina ufa ila si ya seti hiyo: wenzake wana ofuseti (umbali wa uso unaofungwa nati kutoka katikati ya upana wa rimu) ya milimita 50, yenyewe 38. Milimita 12 zimetoka nje, ndiyo maana ilikuwa inasugua fenda kwenye kila tuta na mimi nikawa nalaumu springi. Iliyobaki ni nzima. Kwa hiyo kwa laki nane na nusu nimenunua rimu moja.

Niwaambie mnaochomelea, labda hamjui, ingawa nadhani mnajua. Rimu za namna hii nyingi zinamiminwa kwa aloi ya alumini yenye silikoni na magnesiamu kidogo. Kiwandani zinaingizwa kwenye tanuri la nyuzi kama 540, zinapoozwa ghafla, halafu zinapashwa tena polepole kwenye nyuzi 155 hivi kwa saa kadhaa. Nguvu ya rimu sehemu kubwa inatokana na mapishi hayo. Ukishika gesi ukaulenga ufa, mapishi ya sehemu ile yote umeyafuta, chuma kinarudi kuwa laini. Na alumini inadanganya: chuma cha kawaida ukikipasha kinakuonya kwa wekundu, alumini inabaki na rangi yake ileile mpaka inadondoka. Fundi wa gesi hana anachokiona, anakisia tu, na mimi ndiye ninayekwenda kuupima ukisiaji wake Kibaha nikiwa na kilo zaidi ya elfu moja na mia tatu juu yake.

Na ile JWL? Ni kauli ya mtengenezaji kwamba rimu inafuata kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na ikiwa na VIA pembeni, ujue imepita pia kwa mpimaji wa nje. Inahusu rimu kama ilivyotoka kiwandani. Ukishaikata, ukaichomelea na kuisaga, alama inabaki pale lakini vipimo vyake vimeshakufa.

Sisemi kila anayechomelea ni mwizi. Wapo wanaochomelea kwa umeme na gesi ya argoni na waya wa alumini unaofaa, wanaufuata ufa mpaka mwisho wake, na wanakwambia kabisa: hii ni ya ukingoni, tembea nayo taratibu huku unatafuta nyingine, ila ufa wa kwenye mkono au kwenye matundu ya nati sigusi. Fundi wa hivyo namheshimu kwa sababu ya hilo neno la mwisho. Ninaowasema ni wanaoficha. Bodifila haijawahi kuongeza nguvu ya kitu chochote. Kazi yake pale ni moja tu, mimi nisione.

Halafu kuna ushauri mwingine wa mtaani uliniacha hoi. Jamaa mmoja wa tairi ananiambia, "Kaka, tia tyubu humo ndani, utasahau." Tyubu! Kwenye rimu yenye ufa! Upepo kuvuja ndiyo taarifa pekee ufa unayokupa. Ukitia tyubu umeuziba mdomo, ufa unaendelea kutembea kimyakimya, siku unatoka na kipande cha rimu ukiwa mwendo wa mia. Kama umewahi kutiliwa tyubu kwenye tairi isiyo ya tyubu bila kuambiwa sababu, nenda kafungue leo.

Nikarudi kwa muuzaji na rimu, na risiti, na picha. Ubosi wangu ulikuwa umeisha.

"Kaka, mtumba ni mtumba. Ulipokuja ulikuja na macho yako."

Nikamwonyesha risiti. Akanyoosha kidole kwenye bango la ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sikatai bango, nakataa uongo. Baada ya kelele na watu kujaa akashusha sauti: "Basi leta hizo mbili za ufa nikupe laki mbili tuyamalize." Nikamuuliza utazifanyia nini. Akanijibu bila hata kupepesa, "Hiyo haikuhusu, zina wateja wake."

Mmesikia? Zina wateja wake. Yaani zinarudi kwa yule fundi, mshono mpya, bodifila mpya, rangi nyeusi, na mwenzetu mwingine ataambiwa zimeshuka wiki hii.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Ndiyo maana ile risiti ya mkono nimeitunza kuliko kadi ya gari. Tume ya Ushindani nayo, kwa sheria ya mwaka 2003, kumlinda mlaji ni kazi yake, na malalamiko nawapelekea. Najua mtaniambia kesi ya laki nane itanila nauli na muda kuliko rimu zenyewe. Ndicho hasa wanachokitegemea hawa watu, kwamba kila mmoja wetu atapiga hesabu hiyo hiyo na kunyamaza.

Atakayekwenda kununua karibuni, asikubali rimu iliyovalishwa tairi tayari, itolewe. Pitisha kucha upande wa ndani pote, mshono uliosagwa utausikia hata kama huuoni. Rangi ikiwa nene ndani kuliko nje, jiulize nani anapamba mahali pasipoonekana. Igonge kwa kitu cha chuma, nzima inalia, yenye ufa mara nyingi inatoa sauti iliyokufa. Soma ofuseti ya kila moja, si ya ile ya juu tu. Halafu iwekwe kwenye mashine ya balansi izunguke tupu, macho yako yakiwa kwenye ukingo. Muuzaji akianza kusema mashine iko mbali, umeshapata jibu.

Hizo mbili sizirudishi. Ziko kwa fundi wangu kama ushahidi, shauri likiisha nazikata kwa grenda na kuziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa skrepa. Hazitapata wateja wake.

Sasa nataka kushuka inchi 16 nivae 205/55R16, ukuta unafika milimita 113 na kipenyo kinabaki karibu kilekile. Moja nimeshaijaribu mguu wa mbele, inapita kalipa ya breki vizuri. Mwenye seti ya nati tano, 5x114.3, ofuseti 45 hadi 50, tundu la kati 60.1 au kubwa zaidi lenye ringi zake, anitumie ujumbe. Nakuja na fundi, tairi zinatolewa kwanza, pesa inatoka baada ya rimu kuzunguka. Mwenye zilizopigwa rangi nyeusi jana asijisumbue.